Nguvu za Mwili na Hesabu ya Umri: Kutoka Majeshi ya Wangoni hadi Wazee wa Majengo, Songea

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza jambo ambalo wanaoandika historia ya Ungoni huligusa njiani tu, wakielekea kwenye habari za vita na utawala. Jambo lenyewe ni hili: nguvu za mwili wa mwanadamu hupanda na kushuka kadiri ya umri wake, na kila mamlaka iliyotawala nchi ya Songea ilizihesabu nguvu hizo kwa namna yake na kwa faida yake. Mfalme wa Kingoni alizihesabu, Mjerumani akazihesabu, Mwingereza akazipima kwa mizani, na serikali yetu huru imeziwekea sheria. Kanisa nalo halikukaa nje ya hesabu hiyo, kama tutakavyoona.

Tumechagua kusimama Majengo, kata mojawapo ya mji wa Songea. Jina hilo si la pekee. Miji mingi ya nchi yetu ina Majengo yake, mahali ambapo watu wa kawaida walijenga nyumba zao. Wakazi wake ni Wangoni, Wandendeule, Wamatengo, Wayao, Wabena, Wanyasa na wengine. Mchungaji anayezuru washarika wake humo nyumba kwa nyumba huweza kukutana asubuhi moja na mtoto mchanga anayepelekwa kliniki, kijana anayeendesha bodaboda, mama aliyejitwika kapu la mboga kwenda sokoni, na mzee aliyeketi barazani na mkongojo wake. Tumezoea kuwaona hao kama watu wanne mbalimbali. Kwa mtazamo wa historia hao ni mtu mmoja aliyeonekana katika nyakati nne, na kila wakati una madai yake juu ya mwili wake.

Tuanze na Wangoni wenyewe. Yafahamika kwamba waliondoka Natal wakati wa machafuko yaliyotokana na kuinuka kwa dola ya Wazulu, mnamo mwaka 1820 hivi, wakiongozwa na Zwangendaba. Walivuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835, siku ile jua lilipopatwa, na Zwangendaba akafa huko Ufipa mnamo mwaka 1848. Baada ya kifo chake makundi ya Zulu Gama na Mbonani Tawete yalishuka upande wa mashariki ya Ziwa Nyasa, na katika miaka ya 1860 yakawashinda Wangoni wa Maseko waliokuwa wametangulia kufika katika nchi ya Songea. Hivyo zikasimama falme mbili, Njelu chini ya ukoo wa Gama na Mshope chini ya ukoo wa Tawete.

Habari hizi husomwa shuleni kama safari ya jeshi moja. Lakini msomaji na afanye hesabu ndogo. Mtu aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1820, yaani mwenye nguvu za kushika mkuki na ngao, alikuwa amepita miaka sitini jeshi lilipofika Songea, kama alikuwa bado hai. Kwa hiyo jeshi lililoondoka Natal silo lililofika. Mwili wa jeshi ulikuwa umefanywa upya njiani, mara mbili hata tatu, kwa watoto waliozaliwa safarini na kwa mateka waliotwaliwa katika nchi za Zimbabwe, Zambia, Malawi na Ufipa za leo. Kilichodumu ni mpango wa jeshi, yaani desturi ya kuwapanga wanaume katika vikosi kwa kufuata rika, vijana mahali pao na watu wazima wenye wake mahali pao. Mpango huo ulitambua jambo ambalo madaktari wamelieleza baadaye, kwamba miaka ya mbio na ushupavu ni michache. Kijana aliingia kikosini, akapigana, akaoa, akapandishwa miongoni mwa watu wazima, na hatimaye akahesabiwa kuwa mzee wa shauri. Hakufukuzwa katika dola kwa sababu miguu yake imekuwa mizito. Alibadilishiwa kazi.

Lakini palikuwa na kundi jingine. Mateka, walioitwa sutu, walitwaliwa hasa kutoka kwa Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na jirani zao. Vijana wa kiume waliingizwa vikosini. Wanawake na wasichana waligawiwa nyumba za washindi. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kwa maoni yetu ni la ajabu kuliko ushindi wowote wa Wangoni. Lugha ya washindi ilipotea. Kingoni kinachosemwa Songea leo, ijapokuwa kimehifadhi maneno kadhaa ya asili ya kusini, kimsingi ni lugha ya hao waliotekwa. Mtoto wa mpiganaji alijifunza kusema kwa mama na bibi waliombeba na kumlisha. Nguvu za mwanamume zilimleta mwanamke nyumbani kama nyara. Na mwanamke huyo, akiwa amezeeka na kubaki nyumbani na wajukuu, akashinda kwa ulimi. Mtu asemaye kwamba mwili uliodhoofika hauna kazi tena katika historia, na aeleze kwanza jambo hilo.

Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma lao Songea, na mwaka 1898 Wabenedikti wakaanzisha misheni ya Peramiho. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilifika Ungoni kutoka upande wa mashariki. Hatutarudia historia ya vita hivyo, kwa kuwa imeandikwa vizuri na wengine, hasa O. B. Mapunda na G. P. Mpangara katika kitabu chao juu ya vita hivyo Ungoni kilichotoka mwaka 1969. Twapenda tu kutazama mambo mawili yahusuyo mwili.

La kwanza ni dawa yenyewe. Maji yaliahidi kwamba risasi isingeupenya mwili wa aliyeyanywa au kunyunyiziwa. Twaweza kuicheka ahadi hiyo, au kuihukumu kama wanateolojia, lakini tujiulize ilijibu haja gani. Mpango wa zamani wa Wangoni ulitegemea mwili wa kijana: mbio zake, mkono wake, macho yake. Bunduki za mzinga zilizofyatua risasi mfululizo ziliuondolea mwili huo thamani kwa siku moja. Mbele yake mwepesi na mzito walikuwa sawa, na uzoefu wa mzee wa shauri aliyepigana vita kumi haukuwa na mfano wa kulinganisha. Dawa ilikuja kurudisha maana ya ujana. Wangoni walipopigwa Oktoba 1905, waliona wenyewe kwamba mwili ni mwili.

La pili ni yaliyofuata. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya sitini walinyongwa Songea, akiwamo Mputa Gama wa Njelu. Wengi wao walibatizwa na mmisionari wa Peramiho kabla ya kupandishwa kwenye miti. Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, aliuawa siku chache baadaye. Makaburi yao yako katika makumbusho ya vita hivyo mjini Songea, na kila mwaka mwezi Februari watu hukusanyika hapo. Tunawakumbuka kama mashujaa, na ni haki. Lakini walionyongwa walikuwa pia baraza la nchi, watu waliojua mipaka, ndoa, mashauri na kumbukumbu za koo. Siku moja iliondoa uzoefu ambao ulichukua miaka hamsini kukusanywa. Kisha ikaja njaa, nayo haikuja kwa bahati. Kapteni von Wangenheim aliandika mwaka 1905 kwamba njaa tu ndiyo ingewafanya watu wanyenyekee kabisa, na majeshi ya Wajerumani yakachoma vyakula na mashamba. Hesabu ya serikali ya kikoloni ilitaja watu 75,000 waliokufa katika eneo lote la vita. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Katika njaa wanaotangulia kufa ni wale wa miisho miwili ya umri, watoto wachanga na wazee. Basi Ungoni ilipoteza wanaume wake wenye nguvu vitani, wenye hekima kwenye miti ya kunyongea, na wanyonge kwa njaa.

Sasa tunafika mahali panapotuhusu zaidi, kwa kuwa Majengo ya leo ina nyumba nyingi zenye kumbukumbu zake. Nazo ni habari za manamba.

Waingereza walipoitwaa nchi waliweka kodi ya nyumba na ya kichwa kwa sheria ya mwaka 1922. Kodi ya kichwa ilimhusu mwanamume mwenye uwezo wa mwili aliyeonekana kuwa na miaka kumi na sita au zaidi. Tuyatazame vizuri maneno hayo mawili, uwezo wa mwili na kuonekana. Watu hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Karani hakuuliza mtu alizaliwa lini, alimtazama. Umri ukawa kitu kinachosomwa juu ya mwili: kimo, sauti, ndevu, mabega. Kijana aliyekua haraka alianza kulipa kodi mapema kuliko mwenziwe wa rika moja aliyekuwa mfupi na mwembamba. Na upande wa pili wa maisha, mzee aliyetaka kusamehewa kodi ilimpasa aonekane amedhoofika. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii udhaifu ukawa jambo la kuthibitishwa mbele ya ofisa.

Kodi ilidai fedha, na Songea haikuwa na fedha. Reli haikufika, soko lilikuwa mbali. Tumbaku ya moshi ilianza kulimwa miaka ya 1930, na chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kikaundwa mwaka 1936, lakini haikutosha. Fedha ilipatikana katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wanaume wa Kingoni na wa Kindendeule wakaenda huko kwa maelfu, mwanzoni kwa miguu, safari ya majuma kadhaa, baadaye kwa malori. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kwa jina la Silabu, na Songea ikawa mojawapo ya wilaya walizozitegemea. Aliyeandikishwa alipewa namba, ndipo likatoka neno manamba. Alipimwa na kukaguliwa kabla ya kupakiwa. Aliyeonekana hafai alirudishwa. Kazini alipewa kipande chenye siku thelathini, na siku ilihesabiwa baada ya kumaliza kiasi cha kazi alichopangiwa, si baada ya jua kuchwa.

Hapa panahitaji kukawia kidogo. Mpango wa kazi kwa kiasi ni mpango unaompenda kijana. Mwenye miaka ishirini na mitano alimaliza kukata mkonge wake kabla ya saa sita, akaenda zake kuoga. Mwenye miaka arobaini na mitano alikata majani yaleyale hadi alasiri, na mwenye miaka hamsini na mitano aliweza kushindwa kabisa, na siku yake isiandikwe. Ni kweli kwamba mkataji mzoefu alijifunza kuokoa nguvu: namna ya kushika kisu, kukwepa miiba, kufunga matita bila kuinama mara mbili. Kwa miaka kadhaa uzoefu huo ulilipia kile ambacho misuli ilikuwa imeanza kupoteza. Lakini kipande hakikuwa na mahali pa kuandika uzoefu. Kiliandika siku.

Msomi P. H. Gulliver, aliyefanya utafiti Songea mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake juu ya wahamaji wa kazi mwaka 1955, alionyesha jinsi uchumi mzima wa nchi hiyo ulivyokuwa umefungamana na safari hizi. Walioondoka walikuwa hasa vijana na watu wazima wa makamo ya mwanzo. Waliobaki ni wake zao, watoto na wazee. Maana yake ni kwamba shamba la mkonge lilipata miaka iliyo bora ya mwili wa mtu bila kuigharimia ile iliyotangulia wala ile iliyofuata. Miaka yake ya utoto ililishwa na jembe la mama yake Songea. Miaka yake ya uzee ililishwa na jembe la mkewe na la mwanawe palepale Songea. Hatusemi hivyo kwa hasira. Ni mahesabu ya kawaida, na kila mwenye kuyafikiri huona nani aliyelipa.

Mwanamke katika jambo hili alitumika mara mbili. Mume akiwa Tanga, yeye alilima shamba lake na la mume, akaezeka nyumba kwa kuwaomba majirani, akasimamia kesi ya mbuzi. Jirani zetu Wamatengo katika milima ya Mbinga wana kilimo cha ngoro, ambamo desturi huwapa wanaume kazi ya kufyeka na kupanga majani, na wanawake kazi ya kuchimba na kufunika kwa udongo. Mtu aliyewahi kuchimba ngoro kwenye mteremko ajua ni kazi gani. Hata hivyo hakuna karani aliyemwandika mwanamke kuwa mwenye uwezo wa mwili, kwa kuwa hakudaiwa kodi. Nguvu isiyotozwa kodi haikuonekana daftarini, na isiyoonekana daftarini haikuingia katika historia.

Bei ya mkonge ilianguka katikati ya miaka ya 1960, na uandikishaji wa manamba ukakoma. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi ulianzishwa kwa sheria mwaka 1964, kwa wengi wao ukiwa umechelewa. Wengine walibaki Tanga na kufa huko, wengine walirudi. Kijana aliyepanda lori mwaka 1955 akiwa na miaka ishirini alifikia tisini mwaka 2025. Wachache wa umri huo waliobaki katika mji wa Songea hawana cheti wala pensheni kutokana na kazi ile; ushahidi wao ni makovu ya miiba mikononi.

Katika wakati huohuo wa mwisho wa manamba, vijana wengine wa Songea walijaribu njia tofauti. Mwaka 1960 kundi la vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda Litowa kuanzisha kijiji cha kulima pamoja. Walikuwa na nguvu na shauku, na mwaka huo wa kwanza njaa iliwashinda, wakaondoka. Walirudi mwaka uliofuata wakiwa wamejifunza kutunza chakula kabla ya kutunza hoja, na kutoka Litowa ikakua Ruvuma Development Association, iliyofikia kuwa na vijiji kumi na saba. Mwalimu Nyerere alijifunza mengi kutoka kwao. Chama hicho kilivunjwa na Kamati Kuu ya TANU Septemba 1969. Tunalitaja jambo hili kwa upande mmoja tu. Watu walioanza wakiwa vijana wasio na uzoefu walikuwa, baada ya miaka tisa, wakulima hodari wanaojua kuendesha mkutano, ghala na shule. Uzoefu wa namna hiyo haupatikani kwa semina, nao ulitawanywa katika mwezi mmoja. Ungoni ilikuwa imeyaona hayo mwaka 1906, ingawa safari hii, namshukuru Mungu twasema, bila miti ya kunyongea.

Hapa inafaa tuseme kwa ufupi sayansi inasema nini. Nguvu za misuli hufikia kilele kati ya miaka ishirini na thelathini na kitu, hukaa hapo kwa muda, kisha huanza kupungua polepole, na baada ya hamsini kwa kasi zaidi. Uwezo wa moyo na mapafu kupeleka hewa mwilini hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi baada ya thelathini kwa mtu asiyejizoeza. Jicho hupoteza uwezo wa kuona maandishi ya karibu kuanzia miaka arobaini hivi, hata mwinjilisti aliye hodari akalazimika kuisogeza Biblia mbali hadi mkono ukaisha. Sikio hupoteza kwanza sauti nyembamba. Lakini maarifa yaliyokusanywa, msamiati, utambuzi wa watu na wa mashauri, huendelea kukua hadi miaka ya sitini na zaidi, isipokuwa ugonjwa ukiingilia. Tena kupungua kwa misuli si amri isiyoweza kuzuiwa. Mtu wa miaka sabini anayefanya kazi ya mwili na kula vizuri huweza kurudisha sehemu ya nguvu zake. Kwa hiyo umri wa miaka na umri wa mwili si kitu kimoja. Watu wetu walilijua jambo hilo walipompima mtoto wa kuanza shule kwa kumwambia apitishe mkono wa kuume juu ya kichwa na kugusa sikio la kushoto. Wengi waliosoma kabla na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa watoto wote, waliingia darasani kwa mlango wa sikio hilo. Waliokuwa na mikono mifupi walingoja mwaka mmoja zaidi.

Maandiko nayo yana hesabu, na huenda msomaji atashangaa jinsi yanavyofanana na hesabu za makarani. Walawi sura ya 27 inataja thamani ya mtu aliyewekwa nadhiri: mwanamume wa miaka ishirini hadi sitini shekeli 50, mwanamke 30, mwanamume aliyepita sitini 15, mwanamke 10. Tusiharakishe kuipendezesha sura hiyo. Ni bei ya nguvu, sawa na kipande. Lakini tuone pia kwamba mwanamume hushuka kwa sehemu saba katika kumi, na mwanamke kwa theluthi mbili, yaani mwanamke anapoteza kidogo zaidi ya pungufu kuliko mwanamume, jambo ambalo bibi yeyote wa Majengo anayelea wajukuu angelikubali bila ufafanuzi.

Hesabu sura ya 8 ina jambo lingine. Mlawi alianza huduma akiwa na miaka ishirini na mitano, na alipofika hamsini aliacha kazi ya kutumika, lakini aliruhusiwa kuwasaidia ndugu zake katika kulinda. Mizigo ya maskani ilikuwa mizito: mbao, vitako, mapazia. Baadaye, katika 1 Nyakati 23, Daudi anapunguza umri wa kuanza hadi ishirini, akieleza kwamba Walawi hawatabeba tena maskani. Kazi ilipobadilika, umri nao ulibadilika. Sheria ya umri haikushuka juu ya mwili mtupu. Ilipimwa kwa mzigo. Na kuna Barzilai, mzee wa miaka themanini katika 2 Samweli 19, anayekataa kwenda Yerusalemu na mfalme kwa sababu hasikii tena sauti ya waimbaji wala haonji ladha ya chakula. Haoni haya kulisema jambo hilo mbele ya mfalme. Mbele yake yuko Kalebu wa Yoshua 14, mwenye miaka themanini na mitano, anayedai mlima wake kwa kusema nguvu zake hazijapungua. Kanisa letu limemhubiri Kalebu mara nyingi. Barzilai hatumsikii, ingawa ndiye anayekaa katika baraza nyingi za Majengo.

Luther mwenyewe alikuwa na miaka sitini na miwili, mgonjwa na mzito, alipofunga safari katika baridi ya Januari 1546 kwenda Eisleben kuwapatanisha mabwana wa Mansfeld waliogombana. Mwili wake haukufaa safari hiyo. Lakini hapakuwa na kijana ambaye pande zote mbili zingemsikiliza. Mapatano yalifanyika, naye akafa huko tarehe 18 Februari.

Turudi nyumbani. Sheria ya utumishi wa umma Tanzania Bara inamruhusu mtu kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kumlazimu akiwa na 60. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na imeahidi matibabu bure kwa asiyejiweza. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliofikia miaka 70, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuuliza kama waliajiriwa. Bara haina malipo ya wote ya namna hiyo. Kwa mkulima, mama lishe, fundi na aliyekuwa manamba, miaka 60 haina maana ya kustaafu. Ina maana ya kuendelea na kazi ileile kwa mwili mwingine. Wakati ukimwi ulipoondoa wazazi wengi katika nyanda hizi za kusini, waliorudi kubeba watoto mgongoni walikuwa wanawake wa miaka sitini na sabini. Mwili uliokwisha kumaliza kazi ya malezi ulitakiwa kuianza upya.

Na kanisani? Tunapohesabu nguvu kazi ya usharika, vijana hupewa kufyatua matofali na kuchimba msingi, akina mama kupika na kusafisha, na wazee hupewa viti vya mbele. Kiti cha mbele ni heshima, lakini mara nyingi ni heshima inayofanana na msamaha wa kodi: mtu ameonekana hana uwezo. Mwinjilisti aliyetembea kwa miguu vijiji kumi kwa miaka thelathini anajua ugomvi upi wa ukoo upi ulianza lini, na nani alibatizwa wapi. Hayo hayamo katika vitabu vya usharika. Sharika nyingine zinamwalika mtu kama huyo kuketi na watoto wa kipaimara au kwenda na mchungaji kijana kwenye mashauri ya ndoa, kwa kumtafutia usafiri na kumpa miwani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya semina moja.

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi kwenda kukusanya habari za vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee. Aliyekuwa na miaka kumi na miwili wakati Peramiho ilipochomwa mwaka 1905 alikuwa na sabini na mitano. Wengi wao hawakuweza tena kulima, waliweza kusema. Karibu yote tunayoyajua juu ya vita hivyo kutoka upande wa waliopigwa, na si wa waliopiga, yalitoka katika vinywa hivyo katika mwaka huo na iliyofuata. Miaka kumi baadaye wengi wao wasingalipatikana. Wanafunzi waliokaa nao wakiandika, wakiwa na miaka ishirini na miwili hivi, walizaliwa mnamo mwaka 1946, na umri wa wazee waliowahoji waliufikia wao wenyewe mwaka 2021.